Gitaa la Kaseti Yangu Sikulipiga Mimi

Msimamizi wa ukurasa, niwie radhi. Uliponitaka nilete kisa hiki ilikuwa kabla ya Ramadhani, nami nikanyamaza hadi leo. Sikuwa mgonjwa. Niliogopa kuandika. Naomba jina langu lifichwe.

Nina umri wa miaka sabini na mmoja, mkazi wa Ujiji, baba wa watoto wanne. Kwa miaka mingi nilikuwa mpiga gitaa wa kukodiwa katika studio za Dar es Salaam, hasa kwa waimbaji wa roki. Desturi ya kazi ile ni moja: unaingia, unapiga unachoambiwa, unaondoka. Kwenye jalada hutajwi. Hilo liliniuma, nikarudi nyumbani ili nitoe kaseti yangu mwenyewe.

Wiki ya kurekodi, vidole viwili vya mkono wangu wa kushoto vilikufa ganzi. Miaka ile mji ulijaa wakimbizi, na katika chumba changu cha uani aliishi mwanamume kutoka Burundi, nitamwita Melkiori. Hakuwa na kibali cha kuishi nje ya kambi. Mchana mmoja alilichukua gitaa langu akalipiga kuliko nilivyowahi kulipiga mimi.

"Mzee, gitaa hili ulikuwa unalionea," alinitania.

Nikamwomba apige nyimbo zote nane. Alikubali kwa sharti moja: "Andika jina lako tu. Langu likisikika redioni, kesho niko kambini."

Kaseti ilipendwa. Watu wa mtaa wa Kasingirima walinisimamisha njiani: "Mzee, vidole hivyo umevitoa wapi?" Nilicheka. Jukwaani nilisingizia maumivu ya mkono, nikaimba tu.

Kisha msako wa wakimbizi ukapita, Melkiori akachukuliwa. Jirani yangu alikuja mbio: "Nenda kawaambie ni mtu wako wa muziki! Huenda wakamwandikia kibali!" Nilivaa viatu. Nilikaa kitini na viatu vyangu miguuni hadi alasiri. Ningesema ni mwanamuziki wangu, wangeuliza anapiga nini. Sikwenda. Baadaye nilisikia amerudishwa kwao.

Mwezi uliopita alibisha hodi mwanamke nisiyemjua. Aliniamkia, akaketi, akasema yeye ni binti wa Melkiori.

"Baba yu hai. Huwaambia watu kwamba gitaa lile alilipiga yeye, nao humcheka. Wanamwita Gitaa la Mdomo. Hataki kitu kwako, Mzee. Anataka neno hilo ulitamke wewe."

Nilimmiminia chai. Sikuona aibu wala huzuni. Nilitazama sukari ikiyeyuka, nikamwambia nitafikiri. Sasa anasubiri kwa jamaa zake Kidahwe.

Jumamosi ijayo wapenzi wa muziki wa hapa mjini watanituza hadharani kwa ajili ya kaseti ile, na redio itakuwepo. Mke wangu, ambaye alijua yote tangu mwanzo, ananiambia, "Baba Zuhura, ulinyamaza mwenzako akichukuliwa. Leo useme ili iweje? Wanao wataficha wapi nyuso zao?" Ninakula, ninalala, ninaswali, kana kwamba jambo hili ni la mtu mwingine.

Ninyi mnaosoma, mngepewa kipaza sauti kile, mngesema nini? Nishaurini kabla ya Jumamosi. Nikishaamua nitawaandikia, hata kama uamuzi wenyewe utanivunjia heshima.