Nilifungia sukari ya mama mgonjwa sandukuni, jirani akaniokoa

Wakuu, salaam kutoka Bwera, mpakani kabisa mwa Uganda na Kongo.

Ninayoandika hapa si chai, ingawa sukari imo ya kutosha. Leo nacheka, ila wakati ule nilikuwa silali.

Mama yangu ni mkulima wa kahawa Kyarumba. Mwaka jana macho yaligeuka manjano, ngozi ikawa inamuwasha mpaka anajikuna kwa gunzi la mahindi. Vipimo vikaonyesha saratani ya mrija wa nyongo.

Wakamwekea kijibomba cha kuzibua njia ya nyongo. Daktari wa Kasese akasema wazi kwamba tiba ya kemo itaanza mama akiwa na nguvu. "Kilo zikishuka tena, hatuanzi."

Nikamleta kwangu.

Sasa mimi, mjuaji wa simu, nikakutana na video: saratani inapenda sukari, watafiti wanatafuta dawa ya kuikatia sukari hiyo. Sikuimaliza. Nikaona kumbe tiba ninayo, nahitaji kufuli tu!

Mnajua kwetu kwenda kumuona mgonjwa mikono mitupu ni aibu. Kila mgeni na kilo yake ya sukari. Napokea kwa tabasamu, mgeni akitoka naitia kwenye sanduku langu la bati la shule, nafunga.

Ndizi mbivu marufuku. Uji bila kitu. Mama anapiga mafunda mawili, anaweka kikombe chini.

Tulipoenda kupimwa, kilo mbili zimepungua. Kemo ikasogezwa wiki tatu. Niliogopa sana, wakuu. Na kwa akili yangu hii, nikakaza zaidi. Hata viazi vitamu nikaviondoa.

Jirani yetu Mama Kavira, mama wa Butembo, Kongo, anayeuza vitenge, akanisimamisha mlangoni:

"Papa, mugonjwa iko nakauka, na weye unalinda sukari kama banque!"

Nikamwambia hajui sayansi.

Wiki tatu zikaisha. Mama akapanda kwenye mzani: kilo tatu zimeongezeka! Nikavimba kichwa. Nikamsimulia daktari mradi wangu wote, nikingojea anipe mkono.

Mama akacheka hadi akashika ubavu.

"Daktari, huyu hajui kitu. Yeye akienda kazi, Mama Kavira anakuja. Analeta uji ya maziwa na sukari kwa chupa ya chai, chini ya vitenge. Mimi namaliza yote."

Daktari akanieleza taratibu. Ni kweli seli za saratani hii zinatumia sukari kwa njia isiyo ya kawaida, na watafiti wanajaribu dawa za kuivuruga njia hiyo ndani ya seli zenyewe. Bado ni utafiti. Ila ukimnyima mgonjwa chakula, mwili unajitengenezea sukari kwa kuyeyusha nyama zake.

"Ulikuwa unamnyima mama, si saratani."

Nilitamani ardhi inimeze.

Kemo ilianza wiki ileile. Siwadanganyi kwamba amepona, bado tunapambana. Lakini anakula, anatembea mpaka kwa Mama Kavira, na utani wake umerudi wote.

Nilichojifunza: kabla ya kumbadilishia mgonjwa chakula, muulize daktari wake. Mwenye kisukari naye ana maelekezo yake. Na video, jamani, zimalizeni.

Kuna mwingine aliyewahi kuuguza kwa ujuaji? Mwageni hapa, nisichekwe peke yangu.

Naitwa kunywa chai. Ufunguo wa sanduku anao mama siku hizi. Kikombe chake anaweka vijiko vitatu vya sukari, changu kimoja.