Pimamaji ya Clem Garrod

"Babu, huh ni nini hasa, na ilitoka wapi?" Tamsin aliuliza alipokuwa na miaka saba, njegere zake zikibiringika kutoka mezani hadi mlangoni.

Suffolk nzima, huko Uingereza, kitu kikiinama, watu husema kiko kwenye huh. Nyumba ya babu yake, fundi seremala Clem Garrod, iliongoza kijiji kwa hilo. Lakini Clem alikuwa na misumari mdomoni, basi hakujibu.

Krismasi ile mwanawe akamletea pimamaji mpya. Clem akapatwa na wazimu. Akaweka kabari chini ya miguu ya kitanda, ya meza, ya kabati, mpaka kiputo cha pimamaji kikatulia katikati. Hata picha ya harusi akainyoosha. Kesho yake asubuhi mkewe, Edie, akatoka chumbani ameshikilia ukuta.

"Clem, nimeamka nimekumbatia mto kama niko melini."

"Ni kunyooka tu, mama. Utazoea."

"Miaka yote nimelala kichwa mlimani, miguu bondeni. Nakwenda Ipswich kwa dada yangu Maud. Nitarudi kitanda kikirudi."

Akaenda kweli. Clem akakaza shingo, akala mkate na jibini peke yake, meza imenyooka, kiti bado kimeinama pamoja na sakafu, kidevu chake kikigusa sahani. Jirani yao Percy akachungulia dirishani.

"Picha yako iko kwenye huh, ndugu."

"Imenyooka. Njoo uipime."

"Nipime nini, na macho ninayo? Angalia hizo boriti zilivyoinama, picha haiendani nazo. Halafu, Edie anarudi lini?"

Clem akatazama boriti, akatazama kiti cha Edie. Akapiga magoti, akaanza kung'oa kabari, ya kitanda kwanza. Edie aliporudi alijilaza kitandani na koti lake, viatu vyake, kila kitu. "Upande wako bado uko juu kidogo," akasema, akakoroma.

Tamsin alipofika sekondari alikuta kwenye kamusi kwamba huenda huh ilitokana na awoh, neno la Waingereza wa kale lenye maana ya kombo. Akaja mbio kumsomea babu yake. Safari hii mdomo wa Clem haukuwa na misumari.

"Hiyo awoh ndiyo kombo, sikatai," akasema. "Huh ni pale bibi yako anapopata usingizi."