Picha ya Imbalu Iliyokatwa Jina

Zamani, nikiendesha lori la sukari, palikuwa na kizuizi cha wanajeshi darajani Jinja. Askari mmoja hapo hakujua kusoma, na mimi mwenyewe darasa la tatu lilinishinda, kwa hiyo tulielewana. Alishika kibali changu kichwa chini, akalamba kidole, akasugua muhuri. Wino ukitoka, kibali ni cha uongo. Siku hiyo nilikuwa nimenyeshewa, wino ukatoka. "Afande, ni mvua tu," nikasema. Akacheka, akachukua soksi zangu, akanipisha. Soksi zenyewe zilikuwa za pamba, nzuri. Kibali kilikuwa cha kweli, lakini nani angemwambia?

Basi watu wa kukagua karatasi nimewazoea. Kukagua picha nimeona mara moja tu, huko Mbale, nilipomsindikiza jirani yangu wa Mafubira kwenye matanga ya baba yake.

Jirani huyo alikuwa Mgisu, fundi wa pikipiki. Kwao mwanamume hupita imbalu: hutahiriwa amesimama wima uwanjani, amepakwa unga wa wimbi, watu wanatazama, naye asipepese jicho. Aliyekatwa hospitali amelala, wengine humhesabu mtoto hata akiota mvi. Sasa ukoo ulitaka mrithi wa marehemu, na yeye ndiye mwana mkubwa. Alisema alisimama kwa wajomba zake, mlimani. Wajomba wenyewe walishakufa.

"Kwa wajomba! Kwa hiyo mashahidi ni ng'ombe wao?" baba yake mdogo akauliza, watu wakacheka.

Jirani akatoa simu. Picha safi: kijana mwenye unga mwili mzima, fimbo mabegani, uso ni wake kabisa. Mimi niliamini. Mzee mmoja akaanza hata kumwita mrithi.

Mdogo wa jirani ndiye aliyesema, "Picha za namna hii hupigwa na mama wa studio pale Malukhu. Twende kwake." Jirani akakubali haraka. Jina la studio, ambalo hukaa chini ya picha, alikuwa amelikata, akadhani hakuna tena cha kuonyesha picha ilitoka wapi.

Mama yule akaiingiza picha kwenye kompyuta. Alitueleza kwamba kila picha yake huitia alama nyingine ndani, imeenea kama chumvi kwenye mchuzi: jicho haliioni, mashine inaionja. Mtu akibadilisha sehemu, alama ya hapo inavurugika. Maneno hayo yalinipendeza, ingawa chai aliyotupa haikuwa na sukari.

"Ni yangu," akasema. "Kutumwatumwa kumeichosha, lakini inasomeka."

Picha ikageuka kijani: fimbo kijani, unga kijani, miguu kijani. Kuanzia shingoni kwenda juu, nyekundu.

"Hapa pamebandikwa, bwana. Kichwa hiki si cha mwili huu."

"Na mwenye mwili ni nani?" baba mdogo akauliza.

Mama akaifungua ile ya asili. "Kijana wa Nabuyonga. Siku hizi anauza matofali."

Baba mdogo akacheka mpaka akakohoa. Mdogo mtu hakucheka. "Kaka, si ungesema tu ni hospitali?"

"Ningesema, ungekubali nirithi?"



Jirani akachukua simu yake, akaifuta kioo kwa shati, akatoka. Tulidhani amekwenda kukojoa. Mlangoni nilimwona akivuka barabara, bila haraka, akielekea upande usio wa msibani. Hakurudi, si kwao Mbale, si Mafubira.