Meno ya Fundi Gita

"We mzee, chai inapoa!" Mkewe huita kwa mazoea tu, maana masikio ya fundi gita yalishamgomea zamani. Husimama mlangoni akimtazama. Fundi hupaka vanishi kwa kitambaa laini, kidogo kidogo, kama anayempangusa mtoto usoni, kisha husubiri ikauke. Halafu hufumba macho, hung'ata ncha ya shingo ya gita, na kuligonga kifuani, kwenye ubao wake mwembamba wa mbele, kwa kifundo cha kidole. Mtetemo humpanda kwenye meno hadi kichwani. Akikunja uso, mkewe anajua: vanishi imezidi, imeukaba ubao roho. Msasa unafuata. Akitabasamu, kazi imekwisha, na mwenye gita atakapolipiga atabaki mdomo wazi.

Leo mkewe ameacha kuita. Amesogea wakati fundi ameng'ata, akainama, akagusisha midomo kwenye ule ubao mwembamba, akamwita taratibu kwa jina la enzi za uchumba, ambalo hajalitumia tangu alipoanza kulazimika kupiga kelele.

"Asali wangu."

Fundi hakufumbua macho, wala hakuliachia gita. Aliinua kidole tu: rudia.