Mwenye Jina Ndiye Mpishi

Hebu mwone Nasambu akiingia kwa lango la Senge Phelista, pale Kanduyi, Ijumaa saa sita mchana. Mkono mmoja amebeba mkoba wa madaftari ya watoto wa chekechea anaowafundisha Kitale, mwingine trei ya mayai. Hajafika mlangoni, na tayari akina mama wanaomenya viazi wameanza vigelegele. "Mwenye keki amefika!" Anatabasamu. Lakini ukimtazama vizuri, amesimama pale langoni kidogo, kama mtu anayefikiria kurudi.

Senge ni dada ya babake. Keki ni ya Kukhu, nyanya yake, mamake Senge, aliyejifunza kuoka akiwa mpishi katika shamba moja kubwa kule Endebess. Aliigeuza akaifanya yake: maziwa lala, sufuria juu ya mchanga moto, makaa juu ya kifuniko. Hakuiandika popote. Alisema tu aioke yule mwenye jina kama lake, na mwiko usipokezanwe: anayeanza kukoroga ndiye anamaliza. Jina hilo analo Nasambu. Basi tangu awe na miaka kumi na saba, hakuna harusi ya ukoo huu iliyopita bila yeye.

Shida ni kwamba harusi huwa Jumamosi. Chuo kimoja Eldoret kimempa nafasi ya diploma ya ualimu, na masomo pia ni Jumamosi, miaka miwili mfululizo. Ameahirisha mara mbili. Safari hii wamemwambia wazi: ajibu Jumatatu, la sivyo nafasi iende kwa mwingine.

Unasema akatae tu kupika? Alijaribu mwaka jana. Wazee wawili walifunga safari mpaka Kitale, wakaketi sebuleni kwake bila haraka, wakanywa chai birika mbili, na hawakuinuka mpaka akakubali.

Kwa hivyo Ijumaa hiyo alikuja na mpango. Jikoni alimkuta Wilkista, mke wa kaka yake, ambaye kwa miaka minne kazi yake imekuwa kuchochea makaa na kutazama. Nasambu akafunga mlango, akamnyooshea mwiko.

"Shika."

"Mulamwa, wifi yangu, Senge ataniua!"

"Koroga. Wakishaila wakaisifu, nitawaambia ni yako. Watafanya nini, waitapike?"

Wilkista alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu akakoroga, kutoka mwanzo hadi mwisho. Nasambu alikaa kwa kiti kidogo, mikono mapajani, asiguse hata kijiko. Keki iliinuka vizuri, ikapasuka kidogo tu juu, vile vile Kukhu alivyoipenda.

Kesho yake, chini ya hema ya harusi, ikakatwa. Senge alitafuna macho yamefungwa.

"Huyu ni mama yangu kabisa! Mkono wake huu!"

Akamwita Nasambu asimame mbele ya wakwe waliotoka Malakisi. Nasambu akavuta pumzi aseme. Lakini Senge hakuwa amemaliza.

"Wakwe, hapa kwetu hamdanganywi. Hii keki ikishikwa na mtu aliyeolewa hapa, huo ni mkate tu. Kuwapatia nyinyi ni kuwatukana." Akamgeukia Wilkista. "Kama huyu wetu, bana! Hata chai yake si tunaimeza kwa imani tu?"

Hema nzima ikaangua kicheko. Wilkista naye alicheka, sinia mkononi. Alipopita karibu na Nasambu, akamvuta nguo.

"Usiseme," akanong'ona. "Wewe utarudi Kitale. Mimi ndio nabaki na wao hapa."

"Asante, Senge," Nasambu akasema.

"Asante ya nini? Mwezi wa nne tuko Webuye, wa sita tuko Chwele. Jumamosi zote mbili!"

Vigelegele tena.

Leo ni Jumapili, na ibada imeisha. Nasambu ameketi kwake Kitale, barua ya chuo iko mezani. Akisema ukweli, ataachiliwa, na Wilkista ataulipia ukweli huo kila siku katika boma lile. Akinyamaza, wataendelea kumwita, safari hii kwa sifa za keki ambayo hakuigusa. Ungekuwa wewe, kesho ungewajibu nini watu wa chuo?