Jaribio la Thelathini na Moja

Asifiwe amepanga chumba cha nyuma ya duka langu hapa Kyela mjini mwaka wa nne sasa, na sijawahi kuona kazi ya ajabu kuliko yake. Mimi nauza vitenge na ndoo za plastiki. Mteja akija namhudumia, akiondoka tumemalizana. Yeye anakaa mbele ya kompyuta kutwa nzima akiiuliza programu maswali ambayo majibu yake anayajua. "Sasa kama unajua, unauliza nini?" nilimwambia siku za mwanzo. Akacheka. Enzi hizo alikuwa anacheka, tena kwa sauti ya kuudhi, mpaka wateja wanageuka.

Ni mtoto wa kijiji cha Ngonga. Baba yake, mzee Zebedayo, alimsomesha mpaka Mbeya kwa mpunga na kokoa, na mama yake, Tusajigwe, hakuwahi kuja kumtembelea mikono mitupu: leo ndizi, kesho mchele, na mimi nikipata changu humo humo. Kampuni iliyomwajiri iko Dar es Salaam, ila ilimwacha afanyie kazi hapa kwa sababu programu yenyewe ni ya huku kwetu.

Kyela haihitaji mvua ili ipate mafuriko. Mvua inanyesha kule juu, Rungwe, sisi huku tumeanika nguo juani, mara mto umefika mlangoni. Basi kampuni ilifunga kipimo darajani huko juu. Maji yakizidi, programu inatuma ujumbe kwenye simu za watu wa mabondeni: hameni. Kazi ya Asifiwe ilikuwa kuijaribu programu hiyo kila siku kwa majaribio arobaini. Kompyuta inayaendesha yenyewe, na saa kumi jioni ripoti inajitoa yenyewe na kwenda Dar es Salaam. Kijani, jaribio limefaulu. Nyekundu, limeshindwa. Chini kabisa kuna mstari wa maoni, na huo ndio pekee anaouandika kwa mkono wake.

Mzee Zebedayo alitembea na habari hiyo kama mtu aliyepata mjukuu. Kila aliyemkuta alimwonyesha simu: ujumbe utaingia humu, anautuma binti yangu. Mnajua watu wa vijijini kwa utani. Jirani yao wa shamba, Andongwisye, alikuwa akimsalimu, "Ugonile, Zebedayo! Binti amekwambia leo tuvae viatu?" Mzee anacheka nao, lakini mkewe aliniambia kwamba akifika nyumbani alikuwa haongei.

Mwaka mmoja, mwezi Machi, jaribio la thelathini na moja likaanza kusuasua. Hilo lilikuwa la kutuma ujumbe kwa simu mia tatu kwa mkupuo. Kila jaribio lina sekunde sitini. Lisipojibu, linakatwa, muda umeisha. Kasoro ni kwamba likikatwa, kompyuta ilikuwa inasimama kabla haijaandika ripoti ya siku. Ripoti ya jana ikabaki pale pale, na saa kumi ikatumwa upya, kijani tupu, na tarehe mpya juu yake.

Asifiwe aliyaona maneno "muda umeisha" kwa macho yake. Na kwenye mstari wa maoni aliandika neno moja: mtandao.

Msimcheke. Huku kwetu kila kisichojibu ni mtandao. Luku ya umeme haiingii, mtandao. Simu haitoki, mtandao. Mkwe hapokei ukimpigia, mtandao. Na mara tisa kati ya kumi ni kweli, ndiyo maana tumezoea. Bosi wake, Jubilate, naye alisoma lile neno kule aliko akaridhika: Kyela hiyo, kawaida yao. Siku ishirini na mbili mfululizo Asifiwe aliandika mtandao, kisha akaja dukani kwangu kunywa chai.

Siku ya ishirini na mbili ilikuwa Alhamisi ya jua kali. Mpunga ulikuwa umechanua, na mzee Zebedayo alikuwa juu ya dungu, kile kichanja cha shambani, anaamia ndege wasile mpunga. Mto ulishuka saa nane mchana. Kipimo kiliona, programu ikaagizwa kutuma, ikakwama palepale ilipokuwa ikikwama kila siku. Majirani walikuwa wameshaondoka na mbuzi wao. Andongwisye ndiye wa mwisho kumwona mzee, amesimama juu ya dungu ameinua simu hewani, akitafuta mtandao. Walimpata Jumamosi, kwenye matete karibu na ziwa.

Nilikwenda Ngonga kuzika. Kwaya iliimba, watu walilia, mimi mwenyewe nililia mpaka ushungi ukalowa. Asifiwe hakulia. Alipokea pole za kila mtu akijibu "Ndaga, ndaga," yaani asante, na kila aliyemshika mkono alimwambia neno lile lile: baba yako alikuamini, alikuwa anangoja ujumbe wako. Walidhani wanamfariji. Nilitamani kuwaziba midomo.

Baada ya wiki mbili alirudi chumbani kwake. Alikuwa anaamka, anafagia, anasalimia, anakaa kwenye kiti. Ukimwekea chai anasema asante mama Naila, na chai inapoa. Nilimkaripia. Nilimbembeleza. Siku moja nilimtukana kabisa, ili anitukane na yeye, nipate kujua kama bado yumo ndani. Alinitazama tu, akaniuliza kama nataka amsaidie mwanangu Naila hesabu. Iliniuma kuliko angenipiga kofi.

Ndipo Jubilate akapiga simu. Nilikuwa mlangoni na sauti yake ilisikika.

"Pole tena, dada Asifiwe. Sasa kuna mkutano wa kijiji huko Ngonga wiki ijayo, na wageni, wafadhili wa mradi, watakuwepo. Wanataka ripoti ya majaribio ya msimu mzima. Zitume zile zilizohifadhiwa, ziko vizuri zote."

"Zile ni za kijani," Asifiwe akasema.

"Ndiyo. Programu ilifaulu. Labda simu za wananchi zilizimika, chaji huko ni shida."

"Simu ya baba haikuzimika."

"Sijasema ya baba, dada. Nasema wananchi. Ukileta vurugu, mradi unafungwa, na kazi yako ndiyo ya kwanza kwenda. Fikiria."

Akakata. Nilimwambia Asifiwe kwamba njia ya mwongo ni fupi, asimsikilize huyo kijana. Alitikisa kichwa. "Nikipeleka ya kweli, mama Naila, mistari yangu ya maoni itasomwa mbele ya watu. Mama atakuwepo." Alisema kama anasoma bei ya sukari. Lakini nilielewa. Kupoteza kazi kungemuuma kidogo tu. Baba alikuwa ameshakwenda, mama ndiye aliyebaki, na mama hakujua kwamba mtoto wake aliliona lile jaribio likikatwa siku ishirini na mbili akaliita mtandao.

Siku tatu alikaa akiitengeneza ripoti upya. Kompyuta, kumbe, ilikuwa imeweka kumbukumbu ya kila jaribio, saa lilipoanza na saa lilipokatwa. Nikamuuliza anafanyaje, maana nilitaka aongee. Akanieleza polepole. Zamani ripoti ilikuwa inasubiri majaribio yote yaishe ndipo iandikwe. Sasa inaandikwa kwanza, kabla jaribio lolote halijaanza: yote arobaini, halijajibu, halijajibu, halijajibu. Likijibu ndipo neno linafutwa na kuandikwa limefaulu au limeshindwa. Lisipojibu, neno linabaki, hata kompyuta izimike, hata umeme ukatike.

"Mbona rahisi hivyo?" nikasema, na papo hapo nikatamani kuurudisha ulimi wangu.

"Ni kazi ya nusu siku," akasema. "Niliipanga niifanye mvua zikiisha."

"Basi mama asiyasikie mkutanoni, ayasikie kwako," nilimwambia. Mficha uchi hazai. Tukampigia simu Tusajigwe, akaja Jumatatu na fungu la ndizi kama kawaida yake, tope la Ngonga limekaukia kwenye ndala zake. Nilitaka kuwapisha. Asifiwe akanishika mkono, nikakaa.

Akamsomea. Hakutanguliza maelezo, hakuomba radhi, alisoma kama karani. "Tarehe kumi na nne Machi. Jaribio la thelathini na moja, halijajibu. Maoni: mtandao. Aliyeandika, Asifiwe Zebedayo. Tarehe kumi na tano Machi. Jaribio la thelathini na moja, halijajibu. Maoni: mtandao. Aliyeandika, Asifiwe Zebedayo." Zote ishirini na mbili. Mama yake alisikiliza mikono imelala mapajani. Mteja alikuja kuuliza ndoo, nikamwambia zimeisha, na zilikuwa zimejaa mpaka nje.

Alipomaliza akasema, "Mama, mimi nilijua halijibu. Baba alikaa pale kwa sababu hakujua maji yanakuja, na mimi nilitakiwa kumwambia."

Tusajigwe alilisogeza fungu la ndizi pembeni. Kisha akasema, "Baba yako aliyaona maji."

Asifiwe akainua uso.

"Tulikuwa wote shambani. Mto ulibadilika rangi, ukaanza kubeba migomba na mizizi yake. Baba yako amezaliwa kando ya mto ule, angeachaje kujua? Nikamwambia, Baba Asifiwe, tuondoke, wenzetu wanaondoka. Akaniambia, wewe tangulia na mbuzi. Nikamuuliza, na wewe? Akasema, hawa wote wananiangalia mimi. Mimi baba yake nikikimbia kabla mtoto hajaniambia, nani atauamini ujumbe wake siku nyingine? Ngoja kidogo, utaingia tu."

"Kwa hiyo alijua," Asifiwe akasema.

"Alijua."

"Kwa nini hukuniambia, mama?"

"Watu walipokuwa wanasema alikuamini, niliona afadhali ubaki na hilo. Lile lingine ningekupaje, na ulikuwa umekaa hivyo hivyo kama ulivyokaa sasa?"

Mimi nililia, sioni haya kusema. Hao wawili hawakulia. Mama aliuliza tu kama karatasi hizo zinapelekwa au zinabaki. Asifiwe akasema zikipelekwa kazi imekwisha. "Zipeleke," mama yake akasema, akaanza kumenya ndizi.

Ripoti ilikwenda jioni ile, Dar es Salaam na ofisi ya kijiji. Kesho yake Jubilate hakupiga simu, na keshokutwa Asifiwe akafungua kompyuta akakuta hawezi tena kuingia kwenye programu. Aliniambia habari hiyo huku anakunja nguo.

Mkutano ulifanyika Ngonga, uwanjani mwa shule, wanaume kwenye madawati na wanawake kwenye mikeka. Asifiwe hakuwa na cheo chochote tena, lakini mwenyekiti alimwita aisome ripoti kwa kuwa yeye ndiye aliyeiandika. Akaisoma kwa sauti ile ile ya karani, pamoja na jina lake mara ishirini na mbili. Watu walinung'unika. Mwanamke mmoja alisimama akaondoka. Wageni walikuwa wanaandika kwenye vitabu vyao bila kuinua macho.

Alipomaliza, Andongwisye akanyoosha mkono. Nilijiandaa kumchukia, lakini hakuwa na utani siku hiyo, kofia alikuwa ameishika mkononi. "Mwanangu," akasema, "sisi tunaulizia mbele. Msimu ujao wakiitengeneza hiyo programu ikawa nzima, sisi wa mabondeni tuishi vipi? Tungoje ujumbe, au tufanyeje?"

Asifiwe alikunja karatasi.

"Mkiyaona maji, ondokeni," akasema. "Msiningoje mimi."

Akayarudia kwa Kinyakyusa, kwa ajili ya wazee, na katikati ya maneno hayo sauti ikamkatika kabisa. Akaja kwenye mikeka ya wanawake akilia kwa nguvu, mbele ya wageni na watu wote, na mama yake akasogea kumpa nafasi.