Viganja vya Mama Mkwe wa Daktari

Miaka ile ya tisini nilikuwa mhudumu wa wodi katika kituo kimoja cha afya upande wa Ndhiwa: kufagia, kuchemsha vyombo, kushika wagonjwa wakidungwa sindano. Jioni nilikuwa nimesoma shule ya watu wazima mpaka nikahitimu, na asilimia nilizijua kuliko mwalimu aliyenifundisha. Hilo hakuna aliyelijali. Walichokijua ni mdomo wangu. Kambare wa kilo moja nikimsimulia mimi, anahitaji wanaume wanne kumbeba.

Basi mchana mmoja akaletwa mama kutoka matangani. Walikuwa wanapika ugali wa waombolezaji, akateleza, na sufuria la maji yanayochemka, ambalo fahali angeogelea ndani yake, likammwagikia mkono wa kushoto, mgongo, makalio na mapaja. Daktari wa zamu alikuwa mmoja tu. Na huyo daktari alikuwa amemwoa binti wa mama huyo.

Kwetu, mkwe haoni mwili wa mama mkwe. Daktari akasimama nje ya pazia, ametupa mgongo, kama mtu anayesubiri kukaribishwa chakula.

"Maro," akamwita kwa heshima, kama Wajaluo tunavyomwita mama mkwe, "pole sana. Umeungua wapi?"

"Mkono," mama akajibu, meno yanagongana. "Mkono tu."

Mkono tu! Mimi niko ndani, namkata gauni lililogandamana na ngozi, nasikia "mkono tu". Na daktari naye akaandika: mkono mzima, asilimia tisa ya mwili. Dawa ya maumivu, anywe maji, kesho arudi nyumbani.

"Daktari, na mgongo je? Na huku chini? Huyu ameungua nusu ya mtu!"

"Wewe," akasema bila kugeuka, "si wiki jana ulituambia nyoka wa chooni alikuwa mrefu kuliko ambulensi?"

"Nyoka ni nyoka! Asilimia ikipita kumi na tano ni dripu, chati iko ukutani kwako!"

"Maro amesema mkono."

"Nyara, nyamaza," mama akaninong'oneza, kama anayemtuliza binti yake. "Heri nife nimesitirika."

Nilihisi nywele zinafuka moshi. Mmoja anakufa kwa heshima, mwingine anamuua kwa heshima, na mimi mwenye mkasi ndiye naambiwa ninyamaze!

Nikachukua daftari kuukuu. Kiganja cha mgonjwa mwenyewe, pamoja na vidole vyake, ni asilimia moja ya mwili wake. Si kiganja changu. Changu ni koleo. Nikachora mkono wake wa kulia, ule mzima, nikakata karatasi nyingi za umbo hilo. Nikazishika juu ya majeraha ya mgongo, makalio na mapaja bila kumgusa, moja baada ya nyingine, penye malengelenge na kuchubuka tu. Penye wekundu mtupu nikaruka. Kila kiganja kilichopata mahali pake nikakitia mfukoni.

Kisha nikatoka nikavimwaga mezani kwa daktari.

"Hivi ni viganja vya mama mkwe wako. Karatasi haina mwiko. Hesabu."

Akahesabu. Alipofika kumi na tano sauti ikapotea, akaendelea kwa midomo. Ishirini na viwili. Ongeza tisa za mkono: thelathini na moja.

Tukamfunika mama shuka hadi kidevuni, mkono wa kulia peke yake nje, na daktari akaja akiutazama huo tu. Mshipa akaupata mara ya kwanza. Dripu ikaingia, gari likaitwa. Hospitali ya Homa Bay manesi walihesabu upya, wakapata thelathini. Nilikuwa nimezidisha moja. Kwa mdomo kama wangu, huo ni utawa!

Miezi ikapita, mama akarudi kwa miguu yake, jogoo kwapani. Jogoo wa kumpa daktari.

"Mkwe wangu ana adabu," akaniambia. "Hakunitazama hata kidogo."

"Mama! Huko kutokutazama ndiko nusura kukuzike!"

"Mpelekee, nyara. Mimi siwezi kumfuata ofisini."

Nikampeleka. Lakini nilizunguka njia ndefu, na yule jogoo akasikia maneno yote niliyokuwa nimemwekea daktari.